Kupiga picha katika baridi kali: Adui ni betri, unyevu na ganzi ya vidole

KAMERA inayofanya kazi vizuri mjini Moshi inaweza kuzima ghafla alfajiri ikiwa juu ya Kibo, hatua chache kabla mwenye nayo hajafika kilele cha Uhuru. Jambo hilo hilo huwapata Waafrika Mashariki walioko masomoni au kazini katika miji kama Minneapolis nchini Marekani, Winnipeg nchini Kanada au Oslo nchini Norway. Ifikapo Januari hutoka nje ili wawapelekee ndugu zao picha ya theluji, na baada ya dakika chache hukuta kioo cha simu kimekuwa cheusi.

Wengi hudhani chombo kimeharibika. Mara nyingi hakijaharibika. Baridi kali ina kanuni zake, na anayezifahamu anaweza kupiga picha hata katika hali ya hewa inayoonekana kumkataa binadamu na mashine zake.

Hata hivyo, jambo linaloweza kupotea katika baridi si picha peke yake. Wapo waliopoteza ncha za vidole kwa sababu ya kuvua glavu ili wabonyeze kitufe. Kwa hiyo makala haya yanaeleza mambo mawili kwa pamoja: jinsi ya kukilinda chombo, na jinsi ya kumlinda aliyekishika.

Somo kutoka Antaktiki

Tatizo hili si geni. Mpiga picha Mwingereza Herbert Ponting, aliyefuatana na msafara wa Kapteni Robert Scott kwenda Antaktiki mwaka 1910, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza wenye ujuzi kamili wa upigaji picha kufanya kazi hiyo katika bara la barafu.

Katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1921, Ponting alisimulia kwamba siku moja alipokuwa akilenga picha, ulimi wake uligusa sehemu ya chuma ya kamera. Uliganda papo hapo. Ilimlazimu kujivuta kwa nguvu, na ngozi ya ncha ya ulimi ikabaki kwenye kamera huku kinywa kikitoka damu.

Sababu ya mkasa huo ni rahisi kuielewa. Chuma hupitisha joto kwa kasi kubwa kuliko mbao, nguo au plastiki. Kinapokuwa na baridi ya nyuzi 20 au 30 chini ya sifuri, hunyonya joto la ngozi iliyokigusa kwa haraka sana, na unyevu ulioko juu ya ngozi hiyo hugeuka barafu. Ngozi na chuma hushikana kana kwamba vimegundishwa kwa gundi.

Ndiyo maana wapiga picha wa nchi za baridi huzungushia kitambaa au sponji miguu ya stendi ya kamera iliyotengenezwa kwa chuma. Aidha, wanaovaa miwani ya fremu za chuma hushauriwa kutoigandamiza usoni kwa kamera, na hakuna anayepaswa kushika kwa midomo skrubu, kifuniko cha lenzi au kitu chochote cha chuma wakati mikono yake ina kazi nyingine.

Kwa nini betri huisha ghafla

Betri nyingi za kamera na simu za leo ni za lithiamu. Umeme wake hupatikana pale chembe zenye chaji zinaposafiri ndani ya kimiminika maalumu kutoka upande mmoja wa betri hadi mwingine. Kimiminika hicho kinapopoa, safari ya chembe hizo huwa ngumu, mfano wa uji unaozidi kuwa mzito kadiri unavyopoa.

Matokeo yake ni kwamba betri inashindwa kutoa nguvu kwa haraka inayotakiwa. Kamera inapotaka kusukuma lenzi au kuwasha kioo chake, volteji hushuka, na chombo hujizima kikidhani betri imekwisha. Simu inaweza kuonyesha kwamba imebakiwa na asilimia 40, kisha ikazima bila kutoa onyo lolote.

Vitabu vya maelekezo vya kamera nyingi hutaja kwamba zimetengenezwa kufanya kazi kati ya nyuzi 0 na nyuzi 40 za Selsiasi. Baadhi ya kamera za bei kubwa huruhusiwa hadi nyuzi 10 chini ya sifuri. Hiyo haina maana kwamba haziwezi kufanya kazi chini ya hapo. Wapiga picha huzitumia katika baridi kubwa zaidi kila mwaka, ila mtengenezaji hajaahidi lolote kuhusu hali hiyo.

Habari njema ni kwamba nguvu iliyoonekana kutoweka mara nyingi ingalimo. Betri ikitolewa na kuwekwa mahali penye joto, mathalani katika mfuko wa ndani wa koti, baada ya dakika kadhaa huweza kufanya kazi tena. Kwa sababu hiyo, wenye uzoefu hubeba betri mbili au tatu. Moja hukaa katika kamera na nyingine hukaa karibu na mwili, kisha hubadilishwa kwa zamu.

Jambo la kuepuka ni kuichaji betri ya lithiamu ikiwa ingali na baridi ya chini ya nyuzi sifuri. Kuichaji katika hali hiyo hufanya lithiamu ijikusanye kama utando wa metali ndani ya betri, na uharibifu huo haurekebishiki kwa kuipasha joto baadaye. Kwanza iachwe ipate joto la chumba, ndipo ichajiwe.

Simu nayo itunzwe katika mfuko wa ndani, itolewe wakati wa kupiga picha tu, na kurudishwa mara moja. Kuipunguzia mwanga wa kioo na kuzima mawasiliano yasiyohitajika huipunguzia mzigo. Kioo kikionekana kuwa kizito na picha zikiwa zinajivuta, msomaji asishtuke. Vioo vya aina fulani hubadilika polepole katika baridi, na hurejea hali yake vikipata joto.

Unyevu humngoja mpiga picha ndani ya nyumba

Wengi huogopa theluji inayoangukia kamera. Kumbe hatari kubwa zaidi humngoja mpiga picha anaporudi ndani, penye jiko linalowaka na chai ya moto.

Hewa ya joto hubeba mvuke mwingi wa maji kuliko hewa ya baridi. Katika nyuzi 20 za Selsiasi, mita moja ya ujazo ya hewa inaweza kubeba takriban gramu 17 za mvuke. Katika nyuzi 20 chini ya sifuri, hewa ya ujazo huo huo hubeba takriban gramu moja tu. Hewa ya chumba chenye joto inapogusa kamera iliyopoa, hupoa nayo, na maji ambayo haiwezi tena kuyabeba hujitenga na kuwa matone.

Kila mtu amewahi kuona jambo hili. Chupa ya soda iliyotoka kwenye jokofu hulowa kwa nje mara inapowekwa mezani katika mji wenye joto kama Mombasa au Tanga. Kamera iliyotoka kwenye baridi ni chupa hiyo ya soda, isipokuwa kwamba matone hayaishii nje. Hujitengeneza pia ndani ya lenzi na juu ya sakiti za umeme, mahali ambapo kitambaa hakifiki.

Dawa yake ni rahisi. Kabla ya kuingia ndani, kamera itiwe katika mfuko usiopitisha hewa na kufungwa barabara. Matone yatajitokeza juu ya mfuko badala ya juu ya kamera. Iachwe humo kwa saa moja au mbili, au zaidi ikiwa ni kubwa na ilikaa nje kwa muda mrefu, hadi joto lake lilingane na la chumba.

Anayetaka kuziona picha zake mapema atoe kadi ya kumbukumbu na betri akiwa bado nje, kabla ya kuufunga mfuko. Kufungua mfuko kabla ya wakati ili kuchungulia tu ndiko kunakoharibu kazi yote.

Kwa wanaopanda milima ya nchi zetu, ifahamike kwamba Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mwaka 2017, na Tanzania ikafanya hivyo kuanzia Juni 1, 2019. Mifuko imara isiyopitisha maji, ya aina ile inayotumiwa na wasafiri wa majini na kufungwa kwa kukunjwa mdomo, inafaa zaidi kwa kazi hii na hutumika kwa miaka mingi.

Ponting na wenzake waliligundua tatizo hili mapema. Kila kamera iliyoingizwa katika kibanda chao chenye joto ililowa, na ikitolewa nje tena kabla ya kukauka, maji hayo yaliganda na kuifunga mitambo yake. Hadi leo wapiga picha wanaoingia na kutoka mara nyingi huona ni heri kuiacha kamera katika baraza au chumba kisicho na joto, na kuingiza betri pekee.

Pumzi nayo ni unyevu. Mtu akihema karibu na kamera, mvuke hutua juu ya kioo cha kuchungulia na kuganda. Akijaribu kupuliza theluji iliyoko juu ya lenzi, huigeuza kuwa utando wa barafu. Theluji ipanguswe kwa brashi laini na kavu. Vivyo hivyo, kuificha kamera ndani ya koti baada ya kutembea kwa kasi si wazo zuri, kwa sababu mwili uliotoka jasho ni chanzo kingine cha mvuke. Inayohitaji joto la mwili ni betri. Kamera yenyewe inaweza kubaki na baridi yake.

Theluji nyeupe, picha ya kijivu

Anayepiga picha kwenye theluji kwa mara ya kwanza huona ajabu nyingine. Macho yake yameona weupe unaong'aa, lakini picha imetoka ya kijivu kana kwamba ni majivu.

Kipima mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui kinachokitazama. Kimetengenezwa kwa dhana kwamba mandhari yoyote, kwa wastani, ina mng'ao wa kati, kati ya weupe na weusi. Theluji mpya hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoiangukia. Kamera ikiona mwanga mwingi kiasi hicho, huamua kuupunguza, na weupe hugeuka ukijivu.

Mpiga picha hana budi kuisahihisha. Kamera nyingi zina kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa. Kuongeza mwanga kwa kiwango cha kati ya moja na mbili kwa kawaida huirudishia theluji weupe wake. Kwenye simu, mtumiaji hugusa kioo mahali anapotaka pazingatiwe, kisha huburuta kidole juu ili kuongeza mwanga.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa watu wenye ngozi nyeusi. Mtu mweusi akisimama mbele ya theluji, kamera inayozipima picha kwa wastani wa mandhari yote huupunguza mwanga hadi sura yake ikawa kivuli kisicho na macho wala tabasamu. Picha nyingi zilizotumwa nyumbani kutoka Ulaya na Amerika zina kasoro hiyo, na kosa si la aliyepigwa.

Dawa yake ni kupima mwanga usoni badala ya kuupima kwenye theluji. Mpiga picha amsogelee mhusika, aguse uso wake kwenye kioo cha simu, kisha aongeze mwanga. Pia amgeuze ili jua lisiwe nyuma yake. Theluji iliyoko chini hufanya kazi ya kurudisha mwanga kuelekea usoni, na ikitumiwa vizuri huitoa sura ikiwa laini kuliko kwenye jua la kawaida la mchana.

Rangi ya buluu katika vivuli nayo si kasoro ya kamera. Sehemu ya theluji isiyopigwa na jua huangazwa na anga, na anga ni ya buluu. Anayependa hali hiyo aiache, na asiyeipenda abadilishe mpangilio wa rangi kuelekea ule wa kivuli au wa mawingu.

Majira ya baridi yana zawadi zake pia. Katika nchi za kaskazini jua la Desemba halipandi juu sana, hivyo mwanga wenye rangi ya dhahabu ambao kwetu hudumu kwa dakika chache asubuhi na jioni, huko unaweza kudumu karibu mchana wote. Mjini Tromsø, kaskazini mwa Norway, jua halichomozi kabisa kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari, na saa za adhuhuri huwa na mwanga wa buluu usiopatikana penginepo. Tena, baridi hupunguza chembechembe zinazotokana na joto la kihisio cha kamera katika picha za muda mrefu. Wanaopiga picha za nyota wanalijua hilo, na vituo vya unajimu hupoza vihisio vyao kwa makusudi.

Vidole kwanza, picha baadaye

Idara za hali ya hewa nchini Marekani na Kanada hutumia kipimo cha pamoja cha baridi na upepo, kilichoanza kutumika katika sura yake ya sasa mwaka 2001. Kwa kipimo hicho, hewa ya nyuzi 20 chini ya sifuri yenye upepo wa kilomita 30 kwa saa huipoza ngozi sawa na nyuzi 33 chini ya sifuri. Katika hali hiyo ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30.

Ieleweke kwamba kipimo hicho kinahusu ngozi. Kamera haiwezi kuwa na baridi kuliko hewa iliyoizunguka, hata upepo uvume kiasi gani. Upepo huiharakisha tu kuifikia baridi hiyo. Mwili wa binadamu, unaohitaji kubaki na joto la takriban nyuzi 37, ndio unaopata hasara.

Mpiga picha yumo hatarini kuliko mpita njia kwa sababu tatu. Husimama mahali pamoja kwa muda mrefu, hushika vitu vya chuma, na hujisahau. Mwenye kusubiri mnyama atokee au mawingu yafunguke hana habari na ganzi inayopanda miguuni.

Njia iliyozoeleka ni kuvaa glavu nyembamba zinazobana vidole, na juu yake mifuko mikubwa ya mikono isiyotenganisha vidole. Mfuko wa juu huvuliwa kwa sekunde chache za kubonyeza kitufe, na glavu nyembamba hubaki, hivyo ngozi haigusi chuma kamwe. Ziko glavu ambazo ncha zake zimewekwa nyuzi zinazopitisha umeme ili kioo cha simu kiitikie mguso.

Tafiti zilizofanywa katika majeshi ya Marekani na Uingereza zimeonyesha kwamba askari wenye asili ya Kiafrika hupata majeraha ya baridi mara nyingi zaidi kuliko wenzao weupe waliopo katika mazingira yale yale. Hilo halimzuii mtu kutoka nje. Linamtaka aanze kujikinga mapema na asijilinganishe na mwenyeji anayetembea bila glavu.

Dalili ya kwanza ni maumivu na kuwashwa. Dalili ya hatari ni maumivu hayo kukoma. Kidole kisichouma tena hakijapona, bali kimekufa ganzi. Vitabu vingi husema ngozi iliyoganda hugeuka nyeupe, lakini kwenye ngozi nyeusi badiliko hilo huweza kuonekana kama kupauka au rangi ya majivu, na kidole huwa kigumu mithili ya nta. Njia nzuri ni kulinganisha vidole vya mkono mmoja na vya mwingine, na kumwomba mwenzako akutazame masikio na pua.

Kiungo kilichoganda kisisuguliwe, na wala kisisuguliwe kwa theluji kama wengine wanavyoamini. Kusugua huchana tishu zilizokwisha kudhoofika. Kisisogezwe karibu na moto pia, kwa sababu ngozi yenye ganzi huungua bila mwenyewe kuhisi. Hupashwa katika maji ya uvuguvugu ya nyuzi kati ya 37 na 39, ikiwa tu hakuna hatari ya kuganda tena, kisha mgonjwa hupelekwa kwa daktari.

Zaidi ya hapo kuna kushuka kwa joto la mwili mzima hadi chini ya nyuzi 35. Mtu hutetemeka, ulimi huwa mzito, maamuzi yake huvurugika. Anayejikwaa katika maneno au anayeanza kuvua nguo huku kukiwa na baridi hahitaji picha nyingine. Anahitaji hifadhi, nguo kavu na msaada wa daktari. Pombe isitumiwe kama kinga, kwani hupanua mishipa ya damu karibu na ngozi. Mtu hujihisi amepata joto ilhali mwili wake unalipoteza.

Baridi ya nyumbani

Hakuna haja ya kusafiri hadi Antaktiki ili kuyathibitisha haya. Wapandaji wa Kilimanjaro wanaotumia njia ya Marangu huondoka Kibo, mita takriban 4,700 juu ya usawa wa bahari, mnamo saa sita usiku, ili wafike kilele cha Uhuru, mita 5,895, baada ya jua kuchomoza. Katika saa hizo joto linaweza kushuka hadi kati ya nyuzi 10 na 20 chini ya sifuri, na upepo wa kilomita 40 kwa saa huigeuza baridi ya nyuzi 10 ihisiwe kama ya nyuzi 21.

Huko juu shinikizo la hewa ni takriban nusu ya lile la pwani, hivyo kila pumzi huleta oksijeni kidogo. Akili huwa nzito, na mtu huweza kuvua glavu, kuiweka juu ya jiwe na kuisahau. Glavu zifungwe kwa kamba mkononi, na kila jambo lililo gumu kuhusu kamera limalizwe kambini kabla ya safari. Betri iliyojaa iingizwe pale pale kabla ya kuanza kupiga picha kileleni, si saa sita zilizotangulia.

Aidha, waongozaji na wapagazi hustahili heshima katika suala hili. Mteja akisimama kwa muda mrefu akitafuta picha, wanaomsubiri wanasimama katika baridi ile ile, wakati mwingine wakiwa na nguo duni kuliko zake.

Picha kama ushahidi

Msomaji anaweza kuuliza: je, taabu yote hii ina faida gani? Historia inalo jibu. Januari 18, 1912, Kapteni Scott na wenzake wanne walijipiga picha katika Ncha ya Kusini, huku Henry Bowers akivuta uzi uliofungwa kwenye kamera. Wote watano walifariki dunia wakiwa njiani kurudi. Filamu yao ilipatikana Novemba mwaka huo pamoja na miili ya watatu kati yao, ikasafishwa, na ulimwengu ukaziona nyuso zao zilizochoka.

Filamu za msafara wa puto wa Msweden Salomon Andrée, uliotoweka katika Aktiki mwaka 1897, zilikaa ndani ya barafu ya kisiwa cha Kvitøya kwa miaka 33. Zilipogunduliwa mwaka 1930, wataalamu wa Stockholm waliweza kuokoa picha 93. Baridi ile ile iliyowamaliza wenyewe ndiyo iliyozihifadhi picha zao.

Nchini Tanzania, picha zilizopigwa na Wajerumani Fritz Klute na Eduard Oehler mwaka 1912 zilitumika kutengeneza ramani ya barafu ya Kilimanjaro. Kwa kulinganisha ramani hiyo na vipimo vya baadaye, wanasayansi walibaini kwamba barafu iliyokuwa na eneo la takriban kilomita 12 za mraba mwaka 1912 ilibaki chini ya kilomita 2 za mraba ilipofika mwaka 2007. Imepungua zaidi tangu wakati huo. Bila watu waliobeba kamera nzito katika baridi ile zaidi ya karne moja iliyopita, leo pasingekuwa na cha kulinganisha.

Kwa maana hiyo, kila anayefika kwenye barafu ya Kibo, au ya Mlima Kenya, au ya Rwenzori, anaweza kuongeza ushahidi huo. Asimame mahali panapotambulika, mathalani penye kibao au mwamba mkubwa, apige mandhari nzima pamoja na kingo za barafu, kisha aandike tarehe, saa na jina la mahali. Picha ya namna hiyo itakuwa na thamani kubwa kuliko inavyoonekana siku ilipopigwa.

Kwa muhtasari, anayetoka kwenda kupiga picha katika baridi kali abebe betri za akiba karibu na mwili, mfuko usiopitisha hewa, brashi laini, glavu za tabaka mbili na chakula. Amwambie mtu mwingine anakokwenda na saa ya kurudi. Vidole vikiacha kuuma, arudi hapo hapo, hata kama mwanga ndio kwanza unapendeza.